Santuri Nilizozikwaruza

Siku hizi wajukuu wangu wana nyimbo za dunia nzima ndani ya simu, wala hawana hata mmoja wanaousubiri. Sisi tulisubiri. Mimi nilikuwa mtunza maktaba ya santuri katika redio ya taifa, chumba kirefu chenye dirisha moja na harufu ya vumbi na majalada ya karatasi. Nilikipenda kuliko nyumba yangu.

Kila Jumanne Kamati ya Usikilizaji ilikaa, wazee watano na birika la chai. Wimbo wa vijana ukishapigwa nusu dakika tu, mwenyekiti alitikisa kichwa: "Hauna maadili." Basi. Kilichobaki kilikuwa kazi yangu: kuchukua msumari na kuukwaruza wimbo huo kwenye santuri, ili mtangazaji asije akajisahau akaupiga. Miaka kumi na moja nilikwaruza. Nilijiona nalea taifa.

Taifa lenyewe likahamia kwa jirani. Kituo cha ng'ambo ya mpaka kilianza kupiga muziki wa vijana kutwa kucha, na barua za wasikilizaji wetu, zilizokuwa zikija kwa magunia, zikawa za kubebwa kwa mkono mmoja. Mimi mambo hayo niliyaona nyumbani kabla ya kazini. Kitinda mimba wangu, binti wa miaka kumi na sita, tuliyekuwa tukisikiliza naye redio sebuleni tangu hajaota meno, alinunua kiredio chake akajifungia nacho chumbani. Nikimwita, aliongeza sauti. Iliniuma, nisiseme uongo.

Hatimaye mkurugenzi akaamua: kila Jumamosi, saa tisa alasiri, kipindi cha vijana. Kilikabidhiwa kwa mtangazaji mpya tuliyemwita Kasuku, maana hakujua kunyamaza. Akaja maktaba na orodha ya nyimbo ishirini. Nikamtolea santuri moja moja. Aliinua ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha, kisha ya pili, kisha ya tatu.

"Mama, hizi zimechinjwa zote!"

"Si zote. Tatu zimepona."

"Nani kafanya hivi?"

Nikamwonyesha mkono wangu wa kulia.

Nilitegemea maneno makali. Yeye akaenda zake studio, taa nyekundu ikawaka, akasema hewani bila kumwuliza mtu: "Ndugu zangu vijana, nyimbo mnazozitaka tumeziharibu wenyewe. Mwenye santuri yake nyumbani atuletee Jumamosi ijayo. Tutaipiga, tutamrudishia." Mkurugenzi nusura azimie, lakini maji yakishamwagika hayazoleki.

Jumamosi iliyofuata foleni ilianzia getini ikazunguka ukuta. Niliwekewa meza niandike majina ya wenye santuri. Niliandika bila kuinua macho kwa aibu, kwa sababu kila santuri iliyowekwa mbele yangu niliijua. Dada yake, ile nakala ya maktaba, nilishamuua mimi.

"Jina?" nikauliza.

Santuri haikuwekwa mezani. Nikainua macho. Alikuwa binti yangu, ameikumbatia santuri iliyofungwa kwa kitambaa changu cha kichwa, kile nilichokitafuta mwaka mzima.

"Ulikuwa umeiweka wapi hiyo?"

"Chini ya godoro." Hakuiachia. "Mama, hutaikwaruza?"

Mbele za watu! Nilitamani ardhi inimeze. Nilimzaa mimi, nikamlea mimi, na sasa alikuwa akinificha kitu anachokipenda kama mtu anavyomficha mwizi mali yake.

Daftari nilimwachia mlinzi. Nilimshika binti yangu mkono nikampeleka mwenyewe hadi studio, tukakaa kwa fundi mitambo, upande wa pili wa kioo. Kasuku akashusha sindano. Nusu dakika ikapita, ikafika dakika nzima, na wimbo ukaendelea mahali ambapo sikuwahi kufika nao. Binti yangu aliujua wote, neno kwa neno. Midomo yake ilikwenda nao, macho kayafumba.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. Maishani sikuwahi kumwomba mtoto radhi.

Hakugeuka. "Nyamaza basi, mama, niusikie."

Nikanyamaza.