Mikono Nyuma

Mwalimu wa usanifu alikuwa na sheria moja ambayo wanafunzi waliichukia kuliko mitihani. Siku ya majaribio, wote waliotengeneza kifaa husimama ukutani, mikono nyuma, midomo imefungwa, na mtumiaji huachwa peke yake na kile alichotengenezewa. Huruhusiwi kueleza. Huruhusiwi kukaza hata skrubu. Kama kifaa chako kinakuhitaji ukae pembeni ukikitetea, alisema, basi bado hujamaliza kukitengeneza. Miaka nenda miaka rudi vijana waliovimba vichwa waliingia karakana ile wakicheka na kutoka wamenywea, na mwalimu hakuwahi kulegeza kamba.

Mwaka huu mwanamke huyo mwenyewe ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Baba yake, dereva wa lori mstaafu, alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka juzi. Mkono ulirudi karibu wote, mguu wa kulia ukarudi nusu, lakini kusimama kutoka kitini hakukurudi. Kila asubuhi mwalimu na mdogo wake wa kiume walimshika makwapani na kumwinua, na kila asubuhi mzee aligeuza uso pembeni, kana kwamba anayeinuliwa ni mtu mwingine. Daktari alisema misuli inatosha, kilichobaki ni woga. Mzee alijibu kwamba daktari huyo hajawahi kuanguka.

Basi alipopanga mradi wa muhula, mwalimu aliandika ubaoni: kiti cha kumsaidia mtu mzima aliyedhoofika mguu mmoja asimame mwenyewe. Wanafunzi waliambiwa mteja ni mzee mmoja tu, jirani wa chuo. Kwamba ni baba yake, hakumwambia mtu, maana hakutaka huruma iingie kwenye michoro. Kazi ilikuwa kumshawishi mzee mwenyewe.

"Nitakuja," mzee alikubali baada ya mvutano wa siku nyingi. "Lakini siku ya kujaribu nitajaribu mara moja. Nikiaibika mbele ya watoto wa watu, usinitajie tena habari za kusimama. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Baba."

Mwalimu alitoka chumbani akijua ana nafasi moja tu. Baba yake hakuwa mtu wa kugeuza kauli yake.

Darasa aliligawa makundi matatu, na kama desturi yake hakuruhusu mtu aguse msumeno kabla kundi halijaandika makubaliano ya namna litakavyofanya kazi. Kundi la kwanza, vichwa vya darasa, walileta karatasi imejaa heshima, uwajibikaji na mshikamano. Akawarudishia.

"Haya ni maneno ya harusini," aliwaambia. "Mimi nataka kujua mtafanya nini siku mwenzenu hajaja na gundi inakauka."

Kundi la pili lilikuwa na mambo mepesi: kijana mmoja hodari aliamua kila kitu, na wenzake wakaitikia. La tatu lilikuwa la mabaki, wale ambao kila mtu alimwomba mwalimu asimpangie nao. Alikuwemo Spika, aliyepewa jina hilo kwa sababu akizungumza karakanani, jengo la pili linasikia. Alikuwemo Keshokutwa, ambaye kuchelewa kulikuwa kwenye damu. Alikuwemo Baba Mapacha, mtu mzima aliyerudi chuoni akiwa na watoto wawili wanaotambaa nyumbani. Na binti waliyemwita Mnong'ono, ambaye ukitaka kumsikia lazima uache kupumua. Wiki ya kwanza hawakuelewana hata juu ya meza ya kukalia. Mwalimu alikuwa mbioni kuwavunja walipomletea makubaliano yao, mistari mitatu tu kwa mwandiko wa Baba Mapacha. Keshokutwa akichelewa, kazi inaanza bila yeye na hatasemwa, ila jioni atafagia. Aliyechora hakati mbao, anakata mwingine, na asipouelewa mchoro basi kosa ni la mchoro. Na wa mwisho: Spika atazungumza baada ya wote, popote, mbele ya yeyote.

"Wewe umelikubali hili?" mwalimu alimuuliza Spika.

Spika alifungua mdomo, akawatazama wenzake, akaufunga. Mnong'ono akasema wamekubali. Baba Mapacha akasema wamekubali. Keshokutwa hakuwepo.

"Nimekubali," akasema Spika, na kijasho kilikuwa kinamtoka.

Mwalimu alicheka peke yake ofisini mpaka akafuta macho. Hakujua kwamba alikuwa anakicheka kitu kitakachobadilisha maisha ya nyumbani kwake.

Siku ya kumhoji mteja, mzee aliletwa darasani kwa kiti cha magurudumu, shati limenyooshwa. Kundi la kwanza walimuuliza uzito, urefu, umri, wakaandika. Kiongozi wa kundi la pili aliuliza mambo yale yale kwa sauti nzito zaidi. Ikafika zamu ya mabaki, na pakawa kimya. Siku nyingine yoyote Spika angekuwa ameshamwaga maswali kumi. Sasa alikaa amejiuma midomo, na kimya kikawa kirefu mpaka watu wakaanza kujikuna. Ndipo Mnong'ono, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kukiondoa, akasogeza kiti chake karibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti."

"Unapotaka kusimama, mzee, woga unaanza wakati gani?"

Mwalimu aliacha kuandika. Yeye alikuwa amemwinua mtu huyu asubuhi zote hizo na swali hilo halikuwahi kumpita kichwani. Mzee naye alimtazama binti kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye barabara asiyoijua.

"Mwanzo kabisa," alisema. "Miguu iko kule mbele, mimi niko huku nyuma. Katikati naona shimo. Watu wananivuta, na mimi naona wananivuta niingie shimoni."

Mnong'ono aliitikia kwa kichwa.

Baada ya hapo kundi la tatu lilionekana kama limerukwa na akili. Mwalimu akipita dirishani mwa karakana aliwakuta wanakaa na kusimama, wanakaa na kusimama, mmoja anafanya, wengine wamepiga magoti wanatazama nyayo zake. Baba Mapacha alikuja na habari za nyumbani: wanawe walikuwa wanajifunza kusimama, na hawakuwahi kujisukuma kutoka nyuma hata siku moja. Walishika kitu kilicho mbele yao, kichwa kikatangulia, kiwiliwili kikafuata.

Mwalimu aliposikia hayo alirudi ofisini, akafunga mlango, akakaa. Akanyoosha miguu mbele, akajaribu kusimama. Hakuweza. Akajikaza mpaka shingo ikauma, hakuweza. Kisha akarudisha nyayo chini ya kiti, akainama kidogo kama anayetafuta kitu kilichoanguka, kichwa kikapita magoti, na mwili ukanyanyuka wenyewe bila kelele. Alibaki amesimama katikati ya ofisi ameduwaa. Alikuwa amefundisha nguvu na mizani kwa nusu ya umri wake, na kila siku mwili wake ulikuwa ukifanya hesabu hii bila hata kumwarifu. Alikaa tena, akasimama tena, kwa furaha tu. Alihisi amefunguliwa mlango wa nyumba aliyodhani anaijua vyumba vyote.

Hata hivyo, asubuhi ya majaribio alipokiona kiti chao, alivunjika moyo. Kilikuwa kiti cha mbao cha kawaida. Chini mbele kilikuwa kitupu, hakina ubao wa kuzuia miguu ya mkaaji isirudi nyuma. Mikono ya kiti ilikuwa mirefu, ikapita magoti ya mtu aliyekaa na kupinda juu kwenye ncha. Basi. Kando yake kiti cha kundi la kwanza kiling'aa kwa springi na bawaba. Cha kundi la pili kilikuwa rundo la mbao, kwani kiongozi alishikwa na homa na mpango wote alikuwa nao kichwani, wenzake wakawa wanazunguka mbao zile kama wageni.

Viti viwili vilipimwa kwa mifuko ya mchanga, vikapita. Fundi wa karakana alimfunga mzee mkanda kiunoni, akaushika kwa nyuma ukiwa umelegea, wa tahadhari tu. Wanafunzi wakajipanga ukutani, mikono nyuma.

Mzee alianza na kile king'aacho. Alivuta kishikio cha kuachia springi, zikamwinua kutoka chini, laini kabisa, kama zilivyouinua mchanga. Lakini mchanga hauogopi. Mzee aling'ang'ania kingo, macho yakamtoka.

"Simamisheni. Kinanitupa."

Fundi alimshusha. Mzee alikaa anahema, kisha akageuza uso pembeni, vile vile kama asubuhi za nyumbani.

"Nilisema mara moja," alisema, na mwalimu alijua anaambiwa yeye. "Nirudisheni."

Ahadi ni ahadi. Mwalimu alikuwa anaelekea kwenye kiti cha magurudumu pale Mnong'ono alipoinua kidole, kama mtoto wa shule, kwa kuwa jaribio la kiti chao lilikuwa bado halijaanza.

"Mzee, chetu hakisukumi," alisema. "Ukikaa tu, inatosha. Kusimama ukitaka, usipotaka basi."

Mzee alikitazama kile kiti. Pengine ni kwa sababu hakikuwa na majivuno yoyote. Pengine ni kwa sababu binti ndiye aliyeuliza swali lile. Alikubali kuhamishwa.

Akakaa. Hakuna aliyemweleza kitu. Miguu, kwa kuwa chini palikuwa patupu, ilirudi nyuma yenyewe. Mikono ikatafuta pa kushika, ikafuata mbao mpaka kwenye ncha, kule mbele ya magoti, na ili kuzifikia ilimbidi ainame. Alipoinama akaona sakafu, si shimo. Mwalimu aliona mabega ya baba yake yakielewa jambo. Makalio yakaachana na kiti, upana wa kiganja. Kisha goti la kulia likacheza.

Mwalimu alikuwa ameshakimbia hatua kadhaa, mikono mbele, kabla hajajua kwamba anakimbia.

Ukutani, Spika aliwatazama wenzake. Mnong'ono kimya. Baba Mapacha kimya. Keshokutwa, aliyewahi siku hiyo kuliko wote, kimya. Zamu ikawa yake.

"Mwalimu," alisema, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Mikono nyuma."

Mwalimu alisimama pale pale. Hakuna kitu kigumu alichowahi kufanya kama kuirudisha mikono ile. Aliipeleka nyuma, akaifumbata, kucha zikamwingia kwenye ngozi.

Goti likacheza tena, likatulia. Mgongo wa mzee ukaanza kupanda, taratibu, pingili baada ya pingili, kichwa kikapita usawa wa meza, kikapita usawa wa madirisha, na bado kilikuwa kinapanda, kwani mwalimu alikuwa amesahau kwamba baba yake ni mrefu kiasi hicho. Mkanda ulining'inia mkononi mwa fundi, umelegea vile vile. Mzee aliachia mkono mmoja, akashusha pumzi, akatazama chini alipokuwa amesimama mwalimu, binti yake.

"Mwanangu," alisema, "kumbe umeota mvi utosini."

Ukutani watu waligeukiana. Spika alifungua mdomo, akaufunga. Mwalimu machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa sababu mzee alikuwa hajamaliza kusimama, na sheria ni sheria.