Nishikie Mlango

Ofisini walimwita Bawabu, na jina hilo alilipata kwa kelele zake mwenyewe. Mwanamke yule alikuwa na ugomvi na milango iliyo wazi. Siyo ya mbao, la. Milango ya seva, zile kompyuta kuu zinazotunza taarifa za wagonjwa. Seva za hospitali ziliendeshwa kwa mfumo huria, ule ambao mtu yeyote duniani anaweza kuufungua akasoma ulivyoandikwa, na kwa kuwa ni wa bure, watu wakadhani hata wezi hawautaki. "Bure siyo ovyo!" Bawabu alikuwa akifoka, huku akizima huduma isiyo na kazi, akifuta akaunti ya mtu aliyeacha kazi zamani, akibana hiki na kile, mpaka meneja akamtania kwamba siku moja atajifungia nje.

Ndiyo maana wakawa na desturi yao. Seva zenyewe zilikaa upande wa pili wa mji, kwenye jengo la kupanga, na ukizikosea huwezi kuzifikia upesi. Basi kufuli, yaani masharti ya kuingilia, halibadilishwi na mtu mmoja. Mmoja anatoka kwenye seva na kujaribu kuingia kwa ufunguo mpya; mwenzake anabaki ndani, kwenye kompyuta yake. Aliye nje akikataliwa, aliye ndani anamrudishia kufuli la zamani. Wenyewe waliiita kazi hiyo kushika mlango. Anayetoka huuliza, "Upo ndani?" na mwenzake hujibu, "Nipo." Hakuna aliyewahi kuinuka kwenda kuhakikisha. Ungeanzaje? Ni kama kuhesabu vijiko mgeni akiwa bado anaaga.

Mshika mlango wake alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Na nani alimleta pale? Bawabu huyo huyo. Mwanamume alikuwa akiuza makava ya simu, mdogo mtu akaja analia, "Dada, mfundishe mume wangu kazi," naye akamfundisha, juu ya meza yake ya kulia chakula, mpaka akaiva. Mpole huyo! Akitembea utadhani anaiomba sakafu radhi.

Sasa, mfumo ulikuwa umesimama mara mbili mwezi ule, na meneja alikwisha kutamka mbele ya watu: "Ukisimama tena mchana, Bawabu, natafuta mkuu mwingine wa kitengo." Kitengo ambacho Bawabu mwenyewe alikianzisha kikiwa meza moja na feni mbovu! Lakini asubuhi moja kukawa na watu huko mtandaoni wakibahatisha maneno ya siri ya seva mfululizo, na kusubiri jioni kungekuwa kucheza na majina ya wagonjwa. Akaamua kuyaondoa kabisa maneno ya siri: kuanzia hapo mtu angeingia kwa ufunguo tu, faili la siri linalokaa kwenye kompyuta yake. Akasimamisha kidogo huduma ya majibu ya maabara, akabadilisha kufuli.

"Ufunguo wangu umeuweka, shemeji?"

"Umeshakaa."

"Upo ndani?"

"Nipo."

Akatoka. Akabisha kwa ufunguo mpya, akakataliwa. Akabisha tena, vilevile.

"Nirudishie la zamani."

Shemeji akaendelea kutazama kioo chake.

"Shemeji, nirudishie!"

"Lo, na laini yangu imekatika," alisema yule bwana, bila kugeuka.

Jamani, imekatikaje? Simu zikaanza kulia. Maabara wanauliza, madaktari wanauliza, na meneja huyo mlangoni, amekunja ndita. Bawabu anatafuta mkoba akimbilie upande wa pili wa mji. Hapo ndipo shemeji mtu akakohoa kidogo. "Bosi, ngoja nijaribu njia moja." Akabonyeza bonyeza, na huyo ndani! Majibu ya maabara yakarudi, watu wakampigia makofi.

Bawabu alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, akaliona jina la akaunti aliyoingilia. Printa. Printa! Seva ile haijawahi kuunganishwa na printa tangu iwashwe; huo ulikuwa mlango wa siri. Na wiki iliyopita, kazi ya kufuta akaunti zisizo na mwenyewe alimpa nani? Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe alikuwa ameishona yeye.

"Muulize ameingilia wapi," alimwambia meneja.

"Nyumba ikiungua, mimi siwaulizi zimamoto wamepitia dirisha gani," alijibu meneja. Mchana huohuo kiti cha mkuu kikahamia kwa shemeji.

Jioni mdogo wake akapiga simu. "Dada, usimnunie mwenzio. Aliniambia tangu juzi kwamba nafasi itakuwa yake, nikamwambia afanye taratibu usije ukaumia."

"Ulijua?"

"Na mimi nina watoto, dada."

Bawabu akakata simu. Ya mwanamume alikuwa ameyameza, kwa uchungu, lakini ameyameza. Haya yalimkaba. Alilia mpaka kichwa kikamgonga, kwa sababu yeye ndiye aliyembeba mgongoni yule mdogo wake.

Wiki haikuisha, wale wabahatishaji wakahamia seva ya pili. Mkuu mpya akatakiwa kubadilisha kufuli, naye Bawabu, sasa msaidizi, alikuwa meza ya pembeni.

"Nishikie mlango, shemeji," alisema mkuu mpya. "Upo ndani?"

"Nipo."

Na kweli alikuwepo, Mungu shahidi. Wagonjwa walimkosea nini? Mkuu akainua kidole ili atoke. Kidole kikabaki hewani.

"Upo kweli?"

"Nipo, shemeji."

Akasukuma kiti nyuma, akainuka, akaizunguka meza mbele ya watu wote, akaja kuinama juu ya bega la Bawabu aone kwa macho yake. Bawabu akaigeuza kompyuta kidogo upande wake, apate kuona vizuri.