Mafunjo ya Kituku

Tangu asubuhi ndege hawakutua. Kila bomu lilipolia upande wa Sake, yangeyange waliruka wote, wakazunguka juu ya bwawa, na kabla hawajakunja mabawa likalia lingine. Nasiba naye alishika panga, akaliweka, akalishika tena.

Bwawa hilo la Kituku, pembezoni mwa mji, kando ya ziwa, lilizaliwa na volkano ya 2002: moto ulipopoa ukawa jiwe, ukaziba njia ya maji, mafunjo yakaota, ndege wakaja. Nasiba, ambaye nyumba yake ilimezwa na moto uleule, ndiye aliyewabembeleza majirani wapaache pawe bustani ya ndege. Aliyethubutu kukata bua moja aliuonja ulimi wake.

Sasa watu waliokimbia waasi walijaa ukingoni, na wingu la mvua limeshika ziwa. Mwanamke mmoja, Mukamugema, mtoto mchanga mgongoni, alianza kung'oa mafunjo kwa mikono.

“Mama, apana! Hapa ni kwa ndege!” Nasiba alifoka.

“Na siye, mama, kwetu ni wapi? Mutoto alale mu mvua?”

Nasiba alikumbuka alivyomfunika mama yake kwa kitenge kilicholowa, barabarani walipokimbilia Gisenyi, mwaka ule wa moto. Akavua viatu, akaingia majini na panga lake, akaanza kufyeka mwenyewe.

“Upande huu mukate mupaka mutosheke,” aliwaambia. “Kule kwa ziwa kuna mayai. Muniachie kule.”

Wakakata. Lakini mwanamume mmoja akaelekea kwenye viota. Kabla Nasiba hajafika, Mukamugema alikwisha kumzibia njia.

“Huyu mama ametupatia nyumba, papa. Unataka kumupokonya yake?”

Mwanamume akarudi akinung'unika. Mvua ikashuka, ikawakuta chini ya vibanda vya mafunjo.

Waasi waliuteka mji. Milio ilipopungua, waasi waliwaamuru waliokuwa ukingoni warudi makwao. Mukamugema alikuja kuaga.

“Unaenda wapi?”

“Masisi. Kama nyumba ingalipo, nitaiona.”

Nasiba alimsindikiza hadi barabarani, kisha akarudi kwenye bwawa, ambalo nusu yake ilikuwa matope matupu. Yangeyange wengi walikuwa wamehama. Kule kwa ziwa, vifaranga wachache walikuwa wameachama midomo, wakilia njaa. Alitaka kufurahi, lakini sikio lake lilikuwa barabarani, likisikiliza magari ya waasi yakipita njia aliyoishika Mukamugema.