Dawa Unameza?

...nameza, alisema nameza, neno lilimtoka lenyewe kabla hajaliamua, na sasa Sista Mwanasaumu anakitazama kimashine kilichofyonza tone la damu ya kidole chake, anakunja uso, "Margret, damu yako imekuwa nzito mno, una hakika hukuruka hata siku moja?" na Margret anasema nina hakika, sista, maana hakuruka, ameviacha, vidonge viko nyumbani Magongo ndani ya kopo la majani ya chai, tangu alipokosa siku zake na Linda wa chumba cha pili akamwambia dawa hizo zinaharibu mtoto tumboni, binamu yangu alizaa mtoto pua imebonyea, Linda alisema hivyo huku anamenya viazi, na yule wa Margret wa mwaka jana alitoka hata hajawa mtu, Kalama mumewe akakaa kizingitini na nguo zake za bandarini, kazini hakwenda, chakula hakutaka, na huyu wa sasa bado hajamwambia, atamwambiaje... "mtu aliyewekewa vali ya chuma moyoni," Sista anasema, polepole kama kila mara, "damu ikiganda pale, bonge hupanda kichwani," kichwani, na ule mkono, asubuhi ya leo, kikombe kilimponyoka, vidole vya kushoto vikawa kama si vyake, kitambo kidogo tu kisha vikarudi, akaokota vigae akajiambia ameulalia, lakini alikuwa ameamka zamani, ameshachota maji, ameshafagia, nani hulalia mkono akiwa wima... vali inagonga chini ya titi, akiisikiliza inakwenda mbio, asipoisikiliza anaogopa imenyamaza, "sasa kama unameza vizuri na bado iko hivi, itabidi nimwambie daktari tukupandishie dozi," na kalamu imeshafunguliwa, kupandishiwa, akivimeza hivyo vingi mtoto ataharibika, asipovimeza ataanguka yeye jikoni peke yake, na mtoto anakaa wapi kama si humu, akianguka yeye atabaki na nani... sauti hii hii, chumba hiki hiki, kliniki yake ya kwanza baada ya upasuaji, Sista akiwafundisha wanawake kwenye benchi, na yeye akimtazama mmoja anayenyonyesha, wivu umemziba masikio, kumbe maneno yaliingia, ukikosa siku zako usiache dawa kwa kichwa chako, uje siku hiyo hiyo, iko sindano ya kushika mahali pake, haimfikii mtoto, alisema haimfikii, au ni moyo wake unajitungia, hajui, na wa kumwuliza amekaa mbele yake, miwani imeshuka puani... ataitwa mwongo, walio mlangoni watasikia, Kalama atajua, basi na ajue, lakini ulimi umekuwa mzito, ni woga huu au ndiyo kichwa kimeshaanza, anaujaribu kwenye meno, unasogea, mkono wa kushoto anaukunja chini ya meza, unakunjika, bado, bado unakunjika, na Sista anainamia karatasi...

"Sista, usiandike."

Neno limetoka zima.

"Abee, mwanangu?" Kalamu iko palepale, karatasi haijaguswa.

"Vidonge sijavimeza. Nina mimba," Margret anasema, na hanyamazi, mkono wa kushoto anautoa chini ya meza, anauweka mbele ya Sista.