Makombora ya Majaribio

Mhandisi Veniamin Shubin aliteremka kwenye lori akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kabla hajamsalimu mtu, aliutafuta mtutu wa mzinga kwa macho. Akauona ukichungulia kati ya miti ya cheri, mrefu, mwembamba. Ulikuwa kazi ya mikono yake. Miaka mingi alibishana na wakubwa mpaka wakakubali vifaru vipewe mzinga huu, uwezao kutoboa chuma kinene kutoka mbali. Sasa Wajerumani walikuwa wameshaingia nchini, jeshi la nchi linarudi nyuma kila siku kuelekea mto Dnieper, na kiwanda kilimtuma aje aone mzinga wake ukifanya kazi.

"Kumbe huyu ndiye baba mtoto!" akapaza sauti Demid Korzh, sajini mnene aliyekuwa mlenga shabaha wa kifaru. "Veniamin Grigorievich, mwanao ana pua ndefu kumshinda mama mkwe wangu. Ila umemzaa ukasahau kumlisha."

"Kumlisha nini?"

Luteni Rostislav Hnatiuk, kamanda wa kifaru, alikuwa kijana asiye na maneno mengi. Akafungua mfuniko, akamwonyesha ndani. Makombora yalikuwamo, lakini ya kulipua tu, yale ya kupigia nyumba na askari wa miguu. La kutoboa chuma halikuwamo hata moja.

"Tukiwapiga na haya, yanapasuka juu ya ngozi yao kama mayai," alisema. "Wanajipangusa, wanakuja."

"Bohari wanasemaje?"

"Eti kiwanda cha makombora bado kinabadilisha mitambo. Wimbo huo tunaimbiwa tangu theluji haijayeyuka. Leo tumeruhusiwa kuvuka daraja, tukangoje ng'ambo."

Shubin akacheka, kicheko cha mtu aliyekuja na zawadi. Akawavuta mpaka kwenye lori, akafunua turubai. Chini yake palikuwa na masanduku machache ya makombora ya kutoboa chuma, masalio ya uwanja wa majaribio, aliyoyapata kwa kuomba, kutisha na kupiga magoti. Demid alilinyanyua kombora moja, akalibusu kwenye ncha. Wakayapakia wote pamoja, mhandisi amevua koti, kisha wakala mkate mweusi na cheri kwa vidole vyenye grisi. Tangu vita vianze, Shubin hakuwahi kujiona mtu wa maana kama saa ile.

Hapo ndipo alipofika meja kwa pikipiki, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Ndugu Luteni, nasikia mmepata ya kutoboa."

"Machache, Ndugu Meja."

"Basi hamvuki. Majeruhi wangu bado wako barabarani, na vifaru vya Wajerumani vinawafuata. Utalishika daraja mpaka gari la mwisho lipite."

Shubin akajitosa kati yao. "Ndugu Meja, hayo ni ya majaribio! Hayatoshi kupigana vita!"

"Na haya ndiyo majaribio yenyewe," meja akamjibu, bila ukali. "Usingeyaleta, ningewaacha waende. Sasa nitawaambia nini wale walio kwenye machela?"

Hnatiuk alipiga saluti. Demid akatema kokwa ya cheri, akamgeukia mhandisi. "Usijali, mzee. Mtoto ameshakula, acha afanye kazi."

Walimpandisha Shubin kwenye lori la majeruhi. Alikataa kupanda, akavutwa kwa nguvu.

Wakiwa ng'ambo, juu ya kilima, akausikia mzinga wake. Angeutambua kati ya mizinga elfu. Ulikohoa kikavu, na bondeni moshi mweusi ukapanda, kisha mwingine, kisha mwingine. Ulikuwa unatoboa. Kila alichokisema kwenye mikutano kilikuwa kweli. Majeruhi mmoja, kichwa kimefungwa bandeji, akampigapiga begani kwa furaha.

Halafu mlio wa bondeni ukabadilika. Mzinga ulikuwa ule ule, lakini mbele yake sasa palisikika milipuko mikubwa, na udongo ukarushwa juu.

"Mbona sasa wanalipua?" majeruhi akauliza.

"Ya kutoboa yamekwisha," Shubin alisema. Hakukuwa na moshi mwingine uliopanda kwa Wajerumani. Ulipanda mmoja tu, kwenye micheri. Gari la mwisho la majeruhi lilikuwa bado katikati ya daraja.

Kiwandani, mkurugenzi alimkumbatia. "Unatoboa?"

"Unatoboa."

"Nilijua! Sasa tuchoree mrefu zaidi."

"Na makombora? Nihamishieni huko kwenye makombora, nawaomba."

"Veniamin Grigorievich, kila ndege na kiota chake. Kiwanda kile si chetu."

Akachora. Usiku hakulala, lakini mkono ulichora, kwa kuwa hakuna kingine alichojua kukifanya. Majani yalipoanza kupukutika, vifaru vipya vilipakiwa kwenye treni, mitutu imefunikwa kwa maturubai. Luteni mmoja, ndevu hazijamwota sawasawa, alimkimbilia jukwaani akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ahsante kwa mzinga, mzee. Makombora tutayakuta huko huko, sivyo?"

Behewa la makombora halikuwapo kwenye treni ile. Shubin alikuwa ameyapitia mabehewa yote.

"Mtayakuta," alisema.

Kijana akapanda, akapunga kofia, na treni ikaondoka kuelekea magharibi.