Jibu la Baharini

Fundi cherehani aliposhuka garini kwenye lango la mbuga, waliotazamwa kwanza hawakuwa wanyama, bali yeye na watu wa nyumba yake. Walikuwa wanne, na wote wamevaa koti la rangi ya mchanga, lenye mifuko kifuani, mkanda kiunoni na vifungo vya pembe. Kwani fundi aliona haya kuwatoa watu wake safarini kwa nguo za dukani. Aliyakata na kuyashona makoti hayo kwa mkono wake, wala hakumpima hata mmoja wao. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake ya miaka yote: mteja hupimwa kwa utepe, mke na watoto hupimwa kwa macho.

"Nimpime mtu niliyemlea?" husema. "Kwani simjui?"

Binti yake, muuguzi wa wadi ya watoto wachanga, alilihisi koti lake likimbana mabegani tangu alipolivaa nyumbani, lakini alinyamaza. Lilikuwapo neno jingine moyoni mwake, na hilo lilimtosha kwa uzito. Hospitali moja katika nchi ya mbali, nchi ya baridi, ilikuwa imemkubali kazini, nayo ilitaka kauli yake kabla likizo hii haijamalizika. Alikuwa mtu mzima, pasipoti yake imo mkobani, na hapakuwa na wa kumzuia. Ila hakuwa tayari kuvuka mpaka bila radhi ya baba yake. Alikuwa amemwomba kabla ya safari, naye baba akamjibu kwa upole, akitazama sindano ya cherehani badala ya kumtazama yeye: "Mwanangu, jambo hili ni kubwa. Niache niswali istikhara, nimwombe Mola anichagulie. Tukifika baharini nitakupa jibu."

Na bahari ilikuwa mwisho wa safari. Kwanza mbuga, kisha mlima, ndipo bahari. Huo ulikuwa mpango wa mama, mwalimu mstaafu, aliyefundisha umri wake wote habari za tembo na vilele na mawimbi kwa picha zilizobandikwa ukutani, bila ya kukiona hata kimoja kwa macho yake. "Nimewahadithia watoto wa watu vitu nisivyovijua," alisema siku alipokata shauri. "Sasa nikahakikishe mwenyewe."

Basi wakaingia mbugani. Mama alikaa mbele, kando ya dereva, amejifunga mtandio, akifurahia kila kitu hata vumbi. Nyuma yake fundi hakutulia. Mara afungue dirisha, mara alifunge. Mara avue kofia, mara aivae.

"Hapa tumefika wapi?" aliuliza.

"Katikati ya mbuga, mzee," akajibu dereva.

"Na hao nyumbu si tumeshawaona? Twende mbele."

"Mzee, tukienda mbele tutawakuta nyumbu wengine."

"Basi twende tukawaone hao wengine."

Mwanawe wa kiume, ambaye majirani walimpa jina la Redio kwa kuwa hajawahi kuzimwa, aliangua kicheko. "Dereva, mvumilie. Huyu amezoea mguu wake uko kwenye cherehani. Ukimkalisha bure, mguu unatafuta pa kukanyaga."

Walipolifikia kundi la pundamilia ndipo fundi alipotulia kidogo. Mmoja alisimama karibu na gari, amewapa ubavu, na fundi akainama dirishani akamkagua kuanzia shingoni hadi mkiani kama anayekagua kazi ya mwanafunzi wake.

"Subhanallah," akasema taratibu. "Mwalimu, tazama mgongoni pale. Mistari ya kushoto na ya kulia imekutana, haikupishana hata uzi. Mimi kitambaa cha mistari kinanitoa jasho. Huyu kashonwa na Asiyekosea."

Binti aliona moyo wa baba yake umelainika, akaona huo ndio wakati. "Baba," akasema, "na ile istikhara? Umeona dalili yoyote?"

"Bado, mwanangu, bado. Hebu angalia kule, si twiga yule?"

Hakuwa twiga. Ulikuwa mti mkavu.

Jioni walifika kwenye nyumba ya wageni ya mbugani, na hapo makoti yale yakawaletea kisa. Mgeni mmoja mnene, aliyekuwa akishuka kwenye gari jingine, aliwaona wanne wale wamevaa sare moja, akamkabidhi Redio begi lake kubwa na kumwonyesha kwa kidole lilipo jengo la vyumba. Redio hakubisha. Alilibeba hadi mlangoni, akainama kwa adabu, kisha akarudi kifua mbele.

"Mmeona?" alimwambia dada yake. "Mimi nimepata kazi bila barua wala ruhusa. Wewe msomi bado uko kwenye foleni."

Muuguzi alicheka kwa kuwa wenziwe walicheka. Lakini usoni mwake mama alisoma jambo lingine, na walipoingia chumbani, fundi akiwa anazunguka kati ya kitanda na dirisha, alimwambia, "Fundi, mtoto anaungua."

"Namwombea."

"Unamwombea, au unamkwepa?"

Fundi alivuta pazia, akalitazama pindo lake, akasema limeshonwa vibaya.

Mlimani mama hakupanda. Magoti yake yalimruhusu kufika kwenye kibanda cha walinzi tu, chini ya msitu, na hapo akaketi na kikombe cha chai, akiwa ameridhika kabisa, maana kilele alikiona kwa muda kidogo mawingu yalipofunguka, na kilikuwa kama alivyokifundisha. Wengine watatu walimfuata kiongozi wa njia, mtu mkimya mwenye buti za mpira. Njia ilikuwa nyembamba na yenye tope, miti imevaa kuvu kama manyoya, na ukungu ulipita baina yao ukiwalowesha nyusi.

Kiongozi alitaka waende taratibu. Fundi alimpita. Alipanda kwa haraka, mwili umeinama mbele, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha pasi ya moto juu ya nguo ya mteja.

"Mzee, nisubiri!" kiongozi aliita. "Hakuna anayekufukuza!"

"Yupo," Redio alisema huku akihema, akimtupia jicho dada yake. "Huyu hapa nyuma yangu."

Muuguzi aliongeza mwendo, akampita ndugu yake, akampita kiongozi, akamfikia baba yake mahali ambapo maji yalikatiza njia juu ya mawe. "Baba, simama kidogo tuzungumze. Baada ya hapa ni baharini, na kule nitaulizwa. Niambie hata neno moja..."

Fundi alikanyaga jiwe bila kulitazama. Jiwe lilikuwa likiteleza kwa kuvu. Mguu ukamponyoka, mwili ukaelekea bondeni, na binti akaurusha mkono wake wote akamdaka ukosi wa koti. Ilisikika sauti ya kitambaa kikichanika. Alimvuta baba yake mpaka kwenye udongo mkavu, wakaketi wote wawili chini, wakitazamana.

"Umeumia?" akauliza binti.

"Hapana. Wewe?"

"Sijaumia."

Redio alifika, akaona koti la dada yake lilivyopasuka kutoka kwapani hadi begani. "Lahaula! Fundi mkuu! Kazi ya mkono wako hiyo?"

Fundi alikuwa ameishika ile sehemu iliyochanika, akaigeuza ndani nje, akaipitisha baina ya vidole. Uzi haukufumuka hata mahali pamoja. Mshono wake ulikuwa mzima. Kitambaa ndicho kilichochanika kando yake, kwa kuvutwa kupita uwezo wake. Alilielewa jambo hilo kabla ya mtu mwingine kulielewa. Kosa halikuwa katika kushona, lilikuwa katika kipimo. Alikuwa amemkatia koti yule msichana mwembamba aliyempeleka chuo cha uuguzi, akiwa amebeba ndoo na godoro. Aliyeketi mbele yake sasa alikuwa na mabega ya mtu anayenyanyua wagonjwa.

"Lilikuwa likikubana," alisema.

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu nyumbani, Baba."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema unanijua."

Fundi aliinamisha kichwa. Waliposhuka alitembea nyuma ya watu wote, polepole, na kiongozi akalazimika kumgojea kila kona.

Wakafika baharini. Asubuhi ya kwanza, jua lilipokwisha kupanda na mchanga kuanza kupata moto, mama aliingia majini na nguo zake mpaka magotini, akaonja maji kwa ncha ya ulimi, akatangaza kwamba kweli yana chumvi. Redio alikuwa akielea kwa mgongo, akijizungumzia mwenyewe. Fundi alikuwa akitembea ukingoni, viatu mkononi, koti lililochanika begani. Alikuwa amelichukua kwa binti yake akisema atalitengeneza, lakini sindano hakuigusa.

Muuguzi alimkatizia njia. "Baba, bahari hii hapa."

"Naam. Maji yamejaa leo."

"Baba."

Mama alitoka majini, nguo zikimchuruzika. "Fundi, istikhara si kabati la kufichia mambo. Mtoto anatakiwa aseme leo. Mwambie ulichokiona."

Fundi aliketi mchangani ghafla, kama aliyekatwa miguu.

"Sikuona kitu," alisema. "Sijaiswali."

"Hujaswali nini?"

"Istikhara. Sijaiswali hata mara moja. Cherehani ya kwanza niliinunua kwa istikhara. Mama yako nilimposa kwa istikhara. Hii imenishinda. Kila nikitaka kunuia, nasikia baridi kifuani. Mtu akishamwomba Mola amchagulie, hana tena haki ya kununa. Na mimi nilikuwa naitaka haki yangu ya kununa."

Mama alifunga macho. Redio aliacha kuelea, akasimama majini.

"Muda wote huu?" Muuguzi alimsogelea. "Mimi kila alfajiri nasikia unaswali, nasema moyoni, Baba ananiombea. Nimekaa garini nimebanwa na koti, nimepanda mlima, najiambia nivumilie, Baba hana haraka na Mola wake. Kumbe hukuwa umeanza?"

"Sikuwa nimeanza."

Binti alimwacha hapo akaingia majini, akasimama amewapa mgongo, mawimbi yakimpiga miguuni.

Fundi alinyanyuka. Alisogea hadi majini, akatawadha kwa yale maji ya chumvi, kwa utaratibu na bila pupa, kiungo baada ya kiungo. Kisha akalitandaza lile koti juu ya mchanga, akaupanga mkono uliochanika ukae sawa, akaelekea kibla, akaswali rakaa mbili. Alipotoa salamu aliinua mikono akaomba kwa muda mrefu, midomo ikicheza, na watu waliokuwa wakipita na mipira yao walizunguka mbali wasimkatize.

Alipoinuka, Redio alimnong'oneza, "Umeona nini, Baba?"

"Istikhara si sinema. Mtu huomba, kisha huliendea jambo. Likiwa la heri, hufunguka." Akatia mkono kwenye mfuko wa kifuani, akatoa utepe wa kupimia, ule wa manjano uliofifia tarakimu, ambao hakuna aliyejua kama ameubeba. Akaingia majini na suruali yake.

"Simama wima," alimwambia binti yake.

Muuguzi aligeuka, macho mekundu. Aliuona utepe, akasimama wima.

"Huko baridi yake ikoje?"

"Kali, Baba. Wanasema maji yanaganda nje ya mlango."

"Basi litakuwa koti la sufu, na bitana nzito ndani. Nyoosha mkono." Alimpima mkono, kisha bega hadi bega, akataja kipimo kwa sauti, akashangaa, akapima tena. "Kila mshono nitauachia kitambaa cha akiba kwa ndani. Mwili wako utakavyokuwa huko mimi sitauona. Likikubana, usinyamaze. Mpelekee fundi wa huko, mwambie afumue tu, akiba ataikuta."

"Kwa hiyo umeniruhusu?"

"Ruhusa ulikuwa nayo tangu zamani. Ulitaka radhi, na radhi nimekupa. Geuka nipime mgongo."

Aligeuka. Utepe ulikaa mgongoni mwake muda mrefu kuliko inavyohitaji kazi hiyo, naye hakugeuka kutazama.

Baadaye fundi alilala mchangani kivulini, kofia usoni, akakoroma. Mama aliketi kando yake akikausha nguo, na kila mbu au nzi aliyekaribia alimfukuza kwa mtandio.

"Tumefika wapi?" fundi aliuliza usingizini.

"Tumefika. Lala."

Muuguzi alikuwa amesimama na simu mkononi. Namba ya hospitali ilikuwa mbele yake, imebaki kubonyezwa. Alizitazama nyayo za mama yake, aliyekuwa amenyoosha miguu mchangani, zimepauka kwa chumvi. Akamtazama Redio. Alikuwa akichimba shimo mchangani bila sababu.

"Dada, piga basi!" Redio alisema. "Umetuendesha mbio mbuga nzima na mlima mzima. Sasa unangoja nini?"

"Napiga."

"Huyo hapigi."

"Nimesema napiga!"

Akabonyeza, akaiweka simu sikioni. Simu ilipoanza kuita, alijikuta anatembea kwa haraka ukingoni mwa maji, aende na arudi, aende na arudi, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha pasi ya moto juu ya nguo ya mteja.