Ndege wa Kikohozi cha Leonidasi

Mchana wa Jumatatu Leonidasi alikuwa anakula ugali na maharage nyumbani kwake, kitongoji cha juu huko Mbuba, kikohozi kilipombana. Alikuwa nacho wiki ya tatu sasa, tangu alipotoka Lusahunga kuwauzia madereva wa malori ndizi. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akavuta pumzi kwa mlio mrefu, na ndege mdogo wa kijivu akamtoka mdomoni.

Ndege alikung'uta mbawa. Alimpita Elick, mtoto wa miaka minne aliyezaliwa walipokuwa wakiishi Rulenge, akachanjwa huko chanjo zote. Akatua begani kwa bibi yao watoto, akatulia kidogo, kisha akaenda kukaa kifuani kwa Abeli, kichanga wa wiki tano aliyelala mkekani.

"Nilikuambia ukapime," alisema Aline, mkewe, akimwongezea maharage.

"Ni vumbi la barabara tu, Mama Elick."

Hadi Alhamisi ndege walikuwa tisa. Watu saba walilala chumba kimoja, kwa hiyo ndege hawakuwa na safari ndefu. Abeli hakukohoa. Alikuwa anaacha kupumua tu, midomo ikigeuka zambarau. Aline alimkumbatia akashuka naye zahanati, karibu mbio.

Nesi Swabaha alimtazama mtoto, kisha ndege.

"Kifaduro. Chanjo ya kwanza ni wiki ya sita. Huyu ndege amemuwahi."

Aliita gari la wagonjwa. Abeli alilazwa hospitali siku kumi na moja, puani mpira wa oksijeni, akapona. Nyumba nzima ilimeza dawa, hata wasiokohoa, na Leonidasi akahamia stoo ya kahawa. Huko alilia, maana alikuwa amempa mwanawe jina la baba yake, na kikohozi chake mwenyewe nusura kimuue.

Swabaha alipanda kitongojini kuwafuata ndege.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hawa wanakula nini?"

"Hawali. Wanatafuta mtu asiye na kinga."

"Mimi nilikohoa hivi utotoni, huko Burundi."

"Kinga huchakaa, bibi, kama rangi ya khanga."

Aliingia kila nyumba. Palipokuwa na kadi ya kliniki iliyojaa mihuri, ndege walipita. Alihesabu watoto thelathini na mmoja wenye ndege, akapeleka idadi ofisi ya chanjo wilayani.

Ofisa alikuwa mpole. Alisoma mara mbili.

"Ndege umewahesabu mwenyewe?"

"Mmoja mmoja."

"Vizuri. Lakini gari la chanjo halipandi kule. Hicho kitongoji hakimo kwenye ratiba." Akagonga muhuri wa kupokelewa.

Siku ya kliniki Swabaha aliwatangulia akina mama kuteremka mlima, mwendo wa saa tatu, watoto mgongoni na ndege juu ya watoto. Zahanati ilijaa mbawa. Aliwaambia wanaokohoa wakae nje, akanawa mikono, akaanza kuchoma sindano.

Sindano ya kwanza ilimsogeza ndege wa Abeli kutoka shingoni hadi begani.

"Mbona haondoki?" Aline aliuliza.

"Bado mbili. Ataondoka."

Ratiba mpya ya gari la chanjo ilibandikwa ukutani mwa zahanati mwezi uliofuata. Kitongoji cha juu hakikuwemo. Aline aliisoma yote, akamkaza Abeli mgongoni, akasogea mbele kwenye foleni ya sindano ya pili.